Sura ya Nne: Dumu Tupu

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ukanda wa ziwa, na kwa miaka mingi alikuwa pia mwalimu wa afya. Cheo hicho hakiongezi hata shilingi kwenye mshahara. Kinachokuja nacho ni ufunguo wa kabati lenye spiriti, pamba, bandeji na mkasi mmoja; daftari la kuandikia nani kaugua nini; na kugongewa mlango usiku na mzazi aliyebeba mtoto mwenye degedege, kwa kuwa nyumba ya mwalimu iko karibu kuliko zahanati. Shuleni nilitakiwa nimwite Mwalimu kama wenzangu. Nyumbani alikuwa Mama. Nilichanganya mara nyingi, nikachekwa huku na huku.

Asubuhi moja, nikiwa darasa la nne, alitufundisha kunawa mikono. Nje ya darasa kulikuwa na kibuyu chirizi alichokitengeneza yeye na wanafunzi wa darasa la sita: dumu la lita 5 lililotobolewa kwa msumari wa moto, likaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili, kamba ikashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, na pembeni kipande cha sabuni ya mche kikining'inia kwa uzi. Ukikanyaga kijiti, dumu huinama na maji huchirizika. Mkono mchafu haugusi kitu. Alitutoa nje, akatupanga mstari, akakanyaga. Dumu likainama. Hakikutoka kitu. Ilikuwa siku ya nne tangu pampu ya kijiji ife.

Mvulana aliyekuwa mbele akauliza, bila ubaya wowote: "Samahani mwalimu, sasa kama maji hakuna tunanawaje?" Hakuna aliyecheka. Wote tulitaka kujua. Mama alitazama dumu, akatazama kitabu, akaturudisha darasani, akatuambia tuchore kibuyu chirizi kwenye madaftari. Jioni nilimkuta mbele ya taa ya chemli akijaza andalio la somo. Sehemu ya maoni aliandika: "Mada imeeleweka." Wiki zilizofuata hakuigusa tena mada ile. Alifundisha mifupa. Alifundisha sehemu za ua. Kila alipopita karibu na dumu alitazama upande mwingine.

Nimeanza na dumu lile kwa sababu swali la sura hii hujibiwa haraka mno. Uliza ni nini humsukuma mwalimu wa shule ya msingi kufundisha afya, na mmoja atakwambia ni wito, mwingine atasema ni mtaala, wa tatu, akiwa mkweli na mmekaa wawili, atasema ni posho ya semina. Majibu yote hayo yana ukweli ndani yake. Ila hakuna hata moja linaloeleza kwa nini mwanamke mwenye wito, mwenye muhtasari wa somo mkononi na chaki mfukoni, alishindwa na dumu la plastiki.

Jibu langu ni hili. Saba mara nane ni 56, hata kama choo cha shule kimefurika. Afya haiko hivyo. Ni somo ambalo uwanja wa shule husimama nyuma ya mwalimu na kumsahihisha mbele ya watoto. Mwalimu hulifundisha kwa moyo pale uwanja unapomuunga mkono, na hulikwepa pale unapomfanya aonekane mwongo. Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Somo lisilo na mtihani wake

Tanzania haikuanza jana kuhubiri afya. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi. Kikundi kilikaa chini ya mwembe, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu kwa sauti, kikajadiliana. Lakini hakikuishia kwenye kujadili. Baada ya kipindi watu walichukua majembe wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Maneno ya asubuhi yalikuwa na shimo la kuonyesha jioni. Nadhani ndiyo maana wazee waliokuwa vijana wakati ule bado wanaitaja kampeni ile kwa jina.

Shuleni, afya ilipata makao mengine. Kizazi cha mama yangu kilifundisha Sayansikimu, ambamo usafi wa mwili ulikaa meza moja na mapishi na ushonaji. Siku hizi mtoto wa darasa la kwanza na la pili hukutana na afya pamoja na mazingira, halafu akipanda madarasa huikuta imetawanywa: kidogo ndani ya sayansi, kidogo kwenye masomo mengine. Haina karatasi yake katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Shule hupimwa kwa matokeo ya mtihani, na mwalimu mkuu huitwa kwenye kikao cha wilaya kujieleza kwa nini hisabati imeshuka. Sijapata kusikia aliyeitwa kujieleza kwa nini watoto wake wana kichocho.

Hivyo mwalimu anayefundisha afya vizuri anafanya kazi ambayo hakuna atakayemuuliza akiiacha. Sera inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wapo wanaosimama mbele ya mara mbili ya hao. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule nyingi hesabu hiyo huisikia kwenye semina tu. Katika hali hiyo, anayekagua kucha mstarini kila Jumatatu, anayemwita kando mtoto mwenye upele kichwani bila kumwaibisha, anayekumbuka nani hakuja na viatu, huyo ana kitu kinachomsukuma kutoka ndani. Kitu gani?

Macho yanayofunguka

Mwalimu wa kusoma hupanda mbegu asiyojua ataiona lini ikizaa. Mwalimu wa afya, akibahatika, huona matokeo ndani ya muhula mmoja.

Chukua Kongwa, mkoani Dodoma, sehemu kavu ambako trakoma, ugonjwa wa macho ambao watu huuita vikope, umechunguzwa tangu miaka ya 1980. Ugonjwa huu hupita kwenye vidole, nguo na nzi wanaotua kwenye tongo za mtoto. Ukimrudia mtu miaka na miaka, kope hujipinda kwa ndani, nywele zikakwaruza mboni, mtu akapofuka ukubwani kwa ugonjwa aliouanza akiwa wa kubebwa mgongoni. Kinga yake mojawapo ni jambo dogo mno: uso safi. Kwa mama anayefuata maji mbali, kuyamwaga kwenye uso wa mtoto atakayerudi vumbini dakika ileile ni israfu. Kwa hiyo waelimishaji waliofanya kazi huko hawakutosheka kusema "osheni nyuso." Walionyesha kwa vitendo, watu wakitazama, kwamba maji kidogo huosha nyuso nyingi kuliko walivyodhani.

Hapo pana somo kwa wote wanaoandika mitaala. Onyesho lile halikumwambia mtu asubiri bomba. Lilichukua maji yaliyopo likayatosheleza. Mwalimu aliyepewa somo la namna hiyo anaweza kulifanya kesho asubuhi, na baada ya wiki chache anaona mwenyewe mstarini: nzi wamepungua, macho yanamtazama. Hakuna cheti kinachoshinda hicho.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba kazi fulani anaiweza. Kwa maelezo yake, imani hiyo huja kwa njia nne: kuijaribu kazi mwenyewe ukafaulu, kumwona mwenzio aliye kama wewe akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mwili wako unavyojisikia ukiikabili. Iliyo na nguvu kuliko zote ni ya kwanza. Ukizitazama semina zetu nyingi za walimu, utaona zimejaa ile ya tatu: maneno ya kutia moyo, ufunguzi wa mgeni rasmi, na picha ya pamoja. Maneno matupu hayavunji mfupa. Mwalimu aliyejenga kibuyu chirizi kimoja kikafanya kazi atajenga cha pili bila kuitwa ukumbini.

Mfano mwingine uko kusini. Kuanzia mwaka 2013, mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma ilianza kugawa vyandarua vyenye dawa kupitia shule. Mwalimu aliandika majina, akagawa, mtoto akabeba chandarua chake nyumbani. Jambo hilo lilibadilisha uzito wa kipindi cha malaria. Mwalimu aliyesema "laleni ndani ya chandarua" hakuwa tena akizungumzia kitu cha dukani ambacho baba hana hela ya kukinunua. Mkono wake ndio ulikitoa.

Somo na kungwi

Kuna mada ambazo hata maji yakijaa bado mwalimu hukauka koo. Pwani neno "somo" halina maana ya kipindi cha darasani tu. Somo, au kungwi, ni mwanamke anayemfunda mwari: anamweleza hedhi ni nini, mwili unabadilikaje, aseme nini na anyamaze wapi. Msichana akivunja ungo, mama mzazi hakumweleza. Aibu ilikuwa baina yao. Ndiyo maana akatafutwa mtu mwingine, mahali pengine, faraghani, kwa nyimbo na mafumbo.

Leo kazi hiyo amepewa mwalimu, mchana kweupe, mbele ya wavulana na wasichana waliochanganyika, huku dirisha halina kioo na mwenye duka jirani anasikia. Tunashangaa akiziruka kurasa?

Jaribio kubwa la kuwasaidia walimu katika hili lilifanyika mkoani Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulichagua jamii 20, nusu yake ikapata mafunzo, na katika nusu hiyo walimu wa shule za msingi 62 wakaandaliwa kufundisha afya ya uzazi na kujikinga na VVU kuanzia darasa la tano hadi la saba. Waliotunga masomo walitumia maigizo na hadithi. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu igizo humpa mwalimu kile ambacho mafumbo yalimpa kungwi: asemaye si mimi, ni mhusika. Hata hivyo, kuonyesha matumizi ya kondomu darasani hakukuruhusiwa. Matokeo yalipotoka mwaka 2007 yalikuwa ya kunyong'onyesha kidogo. Vijana walijua zaidi na mitazamo yao ilikuwa imebadilika, lakini maambukizi ya VVU hayakuonekana kupungua.

Wako waliosema walimu ndio walioshindwa. Mimi naona mwalimu alitumwa kuelezea mlango aliokatazwa kuufungua, kwa watoto waliorudi jioni kwenye kijiji ambacho hakikubadilika. Uwanja haukumuunga mkono, na safari hii uwanja ulikuwa mpana kama mkoa. Tena mada yenyewe ilimgusa mwalimu nyumbani kwake. Miaka ile hakuna shule iliyokosa mwalimu aliyekonda watu wakanong'ona. Mganga hajigangi, na kusimama ubaoni kuandika dalili ambazo wewe au mwenzio wa ofisini anazo ni kazi ambayo hakuna muhtasari ulioitaja.

Lakini humohumo katika aibu ndimo nilimowaona walimu wenye msukumo usiokwisha. Karibu kila shule ina mwalimu wa kike mwenye droo isiyofunguliwa hovyo. Ndani yake mna pedi, kanga ya akiba na sabuni. Msichana anayechafuka darasani huenda kwa huyo bila kuagizwa. Kenya ilitunga sheria mwaka 2017 inayoitaka serikali impe bure taulo za kike mwanafunzi aliyebalehe. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata. Sheria zinakuja na kuondoka. Droo ya mwalimu inabaki, na mara nyingi hujazwa kwa mshahara wake mwenyewe. Ukimuuliza kwa nini, hatakupa nadharia. Atakusimulia siku yake mwenyewe, akiwa darasa la sita, alipojifunga sweta kiunoni akarudi nyumbani njia ya porini ili asionekane.

Anayelaumiwa kwanza

Mwalimu pia ndiye daraja ambalo serikali hupitisha dawa zake. Siku ya dawa za minyoo na kichocho, ukanda wa ziwa wote unaijua. Kijiti chenye alama kinasimamishwa ukutani, mtoto anasogea, urefu wake ndio unaosema ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli. Mama alikuwa na kanuni moja: hakuna atakayemeza kabla ya uji. Dawa ile tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na mtoto mmoja akitapika mstarini, mia wanaofuata wanakimbia.

Hilo si jambo dogo. Mwaka 2008 mkoani Morogoro, katika zoezi la aina hiyo, ulizuka uvumi kwamba dawa inaua watoto. Wazazi walivamia shule, vurugu zikatokea, na hasira ikawaangukia walimu waliogawa vidonge. Miaka 10 baadaye, Aprili 2018, Tanzania ilipoanza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 14 ili kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, maswali yalifika tena kwenye mlango uleule: mnawachoma nini mabinti zetu, watazaa kweli? Aliyetunga mpango yuko mjini. Anayeulizwa ni yule ambaye kesho atanunua nyanya kwa mama wa mtoto huyo.

Ajabu ni kwamba kubebeshwa dhamana huku, kunakoweza kumvunja mwalimu, ndiko pia kunakomsimamisha. Kijijini mwalimu husomewa barua, huulizwa maandishi ya kwenye boksi la dawa, huombwa ushauri kama mtoto apelekwe hospitali au asubiri. Akifundisha afya, heshima hiyo inapata kazi ya kufanya. Akitumwa kugawa vidonge asivyoelezwa, heshima hiyohiyo inawekwa rehani. Mwalimu aliyeelezwa dawa inafanya nini, italeta madhara gani madogo na yataisha lini, anaweza kumjibu mzazi getini bila kumeza mate. Kujua jibu ni nusu ya ujasiri.

Kuhusu posho

Tusiikwepe posho. Miradi mingi ya afya mashuleni huja na fulana zenye maandishi kifuani, klabu ya afya, semina ya siku tatu na bahasha. Bahasha ikikoma, klabu inalala, na fulana zinaonekana shambani. Wafadhili hulalamika kwamba walimu hawana moyo wa kujitolea.

Mama yangu alizipenda semina, sitamsingizia. Bahasha moja ilininunulia viatu. Lakini nilivyomwona mimi, posho haikumfundisha kupenda kazi wala kukosekana kwake hakukumwachisha. Ilimwambia kwamba kuna mtu anajua kuwa kazi hii ni ya ziada. Ikikosekana, na shukrani nayo ikikosekana, mtu hujiona mjinga peke yake. Neno la mratibu elimu kata akipita, "mwalimu, vyoo vyako ni visafi," mama alilibeba nyumbani akalirudia wakati wa kula. Hakuna bahasha aliyowahi kuirudia hivyo.

Kikao

Dumu lilikaa tupu wiki ya tatu. Kikao cha wazazi kilipofika, mama alilifungua kutoka kwenye kamba, akaliingiza darasani lilimofanyika kikao, akaliweka mezani mbele ya mwenyekiti wa kamati ya shule, katikati ya ajenda ya mchango wa mlinzi na ajenda ya uji. Mimi nilikuwa dirishani na wenzangu.

Mwenyekiti akauliza, "Mwalimu, hili nalo?"

"Shikamoo mwenyekiti. Shikamooni wazazi wangu." Alingoja waitikie. "Mmenipa watoto niwafundishe kunawa mikono wakitoka chooni. Nimewafundisha kuchora dumu. Wanalichora vizuri sana. Mkitaka, niwaletee madaftari."

Kimya. Kisha mzee mmoja akacheka, wengine wakafuata, halafu kicheko kikaisha ghafla kama kilivyoanza. Hawakununua tangi siku ile. Fundi mmoja alijitolea mifereji ya bati kwa paa la madarasa mawili, mwingine akatoa pipa. Wakakubaliana kwamba mpaka mvua zianze, kila mtoto aje na maji kwenye chupa kila Jumatatu. Pampu ilitengenezwa baadaye sana, na si kwa ajili yetu.

Jumanne iliyofuata Mwalimu alitutoa nje tena, akatupanga mstari uleule, akamwita mvulana yule aliyeuliza swali. Akakanyaga kijiti yeye mwenyewe. Maji yakamchirizikia viganjani, akageuka kututazama huku povu likidondoka.

Usiku nilichungulia andalio la somo mezani. Mada ilikuwa ileile, lengo lilelile, zana zilezile. Sehemu ya maoni, badala ya maneno ambayo walimu wote huyaandika, alikuwa ameandika mawili tu: "Maji yapo."